Tunaomba onyesho la pili

Kwa wakurugenzi wa nyumba za opera na wapangaji wa ratiba za okestra kubwa, London, New York, Leipzig, na kokote mnakokaa kuamua nani apigwe msimu ujao na nani abaki kabatini.

Waheshimiwa, salamu nyingi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kulalamika nayo vizuri. Wakalimani mnao. Tena wako Waswahili wengi, huku Ulaya na kwetu pwani, wanaoimba kwaya na kuwalipia watoto masomo ya kinanda, nao hawajawahi kulisikia jina nitakalolitaja. Wataisoma wao kwanza barua hii, nanyi mtafuata.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Woking, mji mdogo kusini-magharibi mwa London. Asiyeujua Woking huenda anaujua msikiti wake, Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889, wa kwanza katika Uingereza kujengwa tangu msingi uwe msikiti. Ijumaa naswali pale. Nikitoka kwenda madukani napita penye sanamu ya shaba ya mwanamke aliyeinua fimbo ya kuongozea okestra. Huyo ni Ethel Smyth, mtunzi wa muziki, aliyeishi mtaa wa Hook Heath papa hapa Woking tangu 1910 hadi alipofariki tarehe 8 Mei 1944. Sanamu ilizinduliwa 8 Machi 2022. Kila 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, watu huja kupiga picha naye. Mwaka mzima uliobaki tunabaki naye sisi wapita njia na njiwa.

Kazi yangu ni ya jioni. Ni mwelekeza viti katika ukumbi mmoja wa muziki London, jina lake nalihifadhi kwa sababu bado nahitaji mshahara. Nasimama mlangoni na tochi yangu ndogo. Simfoni za Beethoven nimezisikia mara nyingi hata najua mzee gani atakohoa wapi. Za Brahms vilevile. Muziki wa jirani yangu wa shaba, katika miaka yote hiyo kazini, nimeusikia mara moja, ukiwa wa kwanza katika programu, dakika kama tisa, na zaidi ya nusu ya dakika hizo nilikuwa nje ya mlango nikiwazuia waliochelewa wasiingie. Nilipomwuliza mkubwa wangu mbona hatupewi kazi yake nzima, alinijibu kwa upole kabisa: watu hawamjui.

Sasa nataka tuongee juu ya neno hilo, kutojulikana, kwa kuwa mnalitaja kama vile ni mvua iliyojinyeshea tu.

Kwetu wimbo wa taarabu haupendwi siku unapotoka. Unausikia arusini kwa shangazi, humaizi kitu. Unausikia tena kwa jirani, unakamata ubeti mmoja. Mara ya tatu ndiyo unainuka kwenda kutunza. Wimbo uliopigwa usiku mmoja ukaachwa, hata uwe na mashairi ya namna gani, umekwisha. Na nikiutazama mwenendo wa kazi za Ethel Smyth naona jambo hilohilo likirudi: usiku wa kwanza alikuwa akiupata. Kwa ubishi, kwa kujuana na wakubwa, kwa kukopa, aliupata. Wa pili ndio aliokuwa akinyimwa.

Tuanze na Misa yake, Mass in D. Iliimbwa Royal Albert Hall tarehe 18 Januari 1893, kwaya kubwa, watu wengi, akasaidiwa kufika pale na Malkia Eugénie, mjane wa Napoleon wa Tatu aliyekuwa akiishi uhamishoni Farnborough. Kabla ya hapo Ethel alikuwa amekwenda Balmoral, kasri la kifalme kule Uskoti, akaketi kwenye kinanda mbele ya Malkia Victoria na kumwimbia sehemu za Misa hiyo peke yake: sauti za kwaya zote, na ngoma akizipiga kwa mguu. (Nikikumbuka hilo nacheka hata kazini.) Alitaka Gloria, sehemu ya Misa ya kumtukuza Mungu, isiimbwe mahali pake pa kawaida karibu na mwanzo ila iwe ya mwisho, watu watoke na furaha masikioni. Walitoka nayo. Kisha Misa ikakaa kimya miaka 31, hadi mwongoza okestra Adrian Boult alipoiongoza tena Birmingham mwaka 1924.

Waheshimiwa, hebu angalieni kilichompata George Bernard Shaw. Mwaka 1893 alikuwa mhakiki wa muziki, akaandika kwamba ndani ya Misa ile mapambo yametangulia mbele ya dini. Mwaka 1924 aliisikia tena, naye ni mzee, akamwandikia Ethel kwamba muziki wake ndio uliomponya milele ile dhana kwamba wanawake hawawezi kazi ya wanaume katika sanaa. Mtu yuleyule na Misa ileile. Alichoongezewa ni kusikia mara ya pili, na mtunzi alikuwa ameshafika umri wa miaka 65 akikingoja.

Upande wa New York hesabu ni mbaya zaidi. Opera yake Der Wald ilipigwa kwanza Berlin 1902, ikaja Covent Garden, nyumba ya opera ya London, mwaka huohuo, na Machi 1903 ikafika Metropolitan Opera. Ilikuwa opera ya kwanza ya mwanamke katika nyumba ile. Ya pili ilikuwa L'Amour de loin ya Kaija Saariaho, Desemba 2016. Miaka 113 katikati. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa Ethel angeweza kuishi, kuzeeka, kufa na kuzikwa bila kuona jina jingine la mwanamke kwenye kibao cha mlangoni. Na Der Wald yenyewe ilibidi ingoje karne hii ili irekodiwe nzima.

Lakini kidonda chenyewe ni The Wreckers. Hapo naomba mniruhusu nikae kidogo.

Maneno yake aliyaandika rafiki yake Henry Brewster, kwa Kifaransa, maana walitumaini Wafaransa ndio watakaoipokea. Kisa kiko pwani ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa wanakijiji maskini wanaoishi kwa mali za vyombo vilivyovunjika. Usiku wa dhoruba taa ya mnara inazimwa, jahazi linapanda mwamba, mabaharia wanauawa, shehena inagawanywa. Wanakijiji hawaoni haya. Mhubiri wao Pascoe anawaambia ni riziki kutoka kwa Mungu. Mke wa mhubiri, Thurza, na mvuvi Mark wanapendana kwa siri, nao ndio wanaowasha moto ufukweni ili kuonya vyombo. Wanagunduliwa. Hukumu yao ni kufungiwa ndani ya pango wakingoja maji kujaa.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hilo. Mimi nililelewa na watu wanaojua saa za maji kuliko saa za ukutani, wanaojua bamvua ni nini na nani hakurudi. Katika tendo la tatu maji yanapanda kwenye okestra, na hawa wawili wanaimba wakiwa ndani yake. Hawaombi msamaha. Sijui muziki mwingine wa Uingereza wa miaka ile unaoijua bahari kama mtu anayeiogopa kikweli. Benjamin Britten na Peter Grimes yake walikuja miaka 39 baadaye, nanyi mwampiga Britten kila mahali, na mnafanya vyema.

Basi The Wreckers ilipigwa kwanza Leipzig, kwa Kijerumani, tarehe 11 Novemba 1906. Watu walishangilia. Lakini mwongozaji (kwetu Mombasa ukisema kondakta mtu ataangalia matatu iko wapi) alikuwa ameahidi kutokata kitu, kisha akalikatakata tendo la tatu, lilelile la pango. Ethel akaomba lirudishwe. Akakataliwa. Akaingia kwenye shimo la wapiga ala ukumbi ukiwa mtupu, akakusanya karatasi zote za muziki stendi baada ya stendi, akachukua na kitabu cha mwongozaji, akapanda treni kwenda Prague. Leipzig haikuweza kuirudia opera hiyo hata kama ingetaka.

Wengi wenu mnapenda kukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mwanamke mkali. Mimi naona mtu aliyefanya hesabu. Alijua usiku wa pili wenye kazi iliyokatwa ungemtambulisha kwa kitu ambacho hakukiandika. Alilipa gharama kubwa: Prague mazoezi yalikuwa haba na opera ikaanguka, na London ilibidi ingoje hadi 1909 kuiona jukwaani, Thomas Beecham alipoiongoza. Marekani haikuiona jukwaani hadi 2015, pale chuo cha Bard, jimbo la New York. Na Kifaransa alichokiandika Brewster, toleo lisilokatwa, lilifika jukwaani Glyndebourne, tamasha la opera kusini mwa Uingereza, Mei 2022. Brewster alikuwa amekufa tangu 1908.

Najua mtaniambia: mwaka 2022 tulimpiga sana. Kweli. Glyndebourne, tamasha la Proms, Houston. Na mwaka mmoja kabla rekodi ya kazi yake The Prison ilikuwa imepata tuzo ya Grammy. Nilifurahi kama ndugu wa bibi arusi. Lakini kazi hiyo The Prison aliiongoza mwenyewe Edinburgh mwaka 1931, akiwa karibu kiziwi, na rekodi yake ya kwanza ilitoka 2020. Mkiniambia mmeshamlipa kwa mwaka mmoja wa sherehe, nitawauliza ni deni la miaka mingapi.

Na ipo habari ya mswaki. Mwajua nitaitaja, kwa sababu kila kijitabu cha programu huanza nayo. Mwaka 1910 Ethel alikutana na Emmeline Pankhurst, kiongozi wa wanawake waliodai haki ya kupiga kura, akaamua kuwapa miaka miwili ya maisha yake, akawatungia wimbo wao, The March of the Women. Machi 1912 wakatoka kuvunja madirisha ya wakubwa. Kabla ya siku hiyo alimfundisha Bi Pankhurst kurusha mawe jioni huko Hook Heath; jiwe la kwanza la mama yule likamtoka mkononi likaenda nyuma, nusura limpige mbwa wa Ethel. Walihukumiwa miezi miwili, Ethel akakaa gereza la Holloway, London, kama wiki tatu. Beecham alipokwenda kumwona, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwakuta wafungwa wakiandamana uani wakiuimba wimbo ule, na mtunzi yuko dirishani juu anawaongoza kwa mswaki.

Kisa kizuri. Nimekisimulia mara ngapi sijui. Ila dirisha alilolichagua Ethel linanihusu kuliko mswaki. Lilikuwa la Lewis Harcourt, aliyekuwa amesema kwamba wanawake wote wangekuwa wazuri na wenye busara kama mke wake, kura wangekuwa nayo kesho. Kwa neno hilo alipata jiwe lake. Sasa huyo Harcourt alikuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1910 hadi 1915. Wamaasai walipohamishwa kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911, na walipokwenda mahakamani 1913 wakaambiwa kesi yao haisikilizwi, waziri mwenye dhamana London ni yeye. Bandari ya Port Harcourt kule Nigeria ina jina lake hadi leo. Sidai kwamba Ethel alilivunja kwa ajili ya Wamaasai. Hapana, alikuwa binti wa jenerali wa mizinga aliyetumikia India, rafiki wa malkia, mtu wa mbwa na gofu, na sina hakika tungeelewana mezani. Lakini kila nikisoma habari hiyo namwona waziri yule akitoka kutazama vioo vyake chini, nami nafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Nirudi kwenye programu zenu. Huo mswaki mnaupa kurasa mbili, muziki mnaupa aya. Matokeo yake mtu anakaa kitini akijua alifungwa, alivaa koti la mwanamume, alipenda wanawake, aligombana na Leipzig, na hajui kwamba alisoma Leipzig tangu 1877, baada ya kumgomea baba yake nyumbani, hali na wageni, hasemi na mtu, hadi mzee akasalimu amri. Hajui kwamba chuo hicho alikiacha baada ya mwaka kwa kuwa aliona mafundisho ni hafifu, akaenda kwa Heinrich von Herzogenberg kujifunza upya namna ya kusuka sauti juu ya sauti, na kwamba katika nyumba ile Brahms alikuwa akiingia na kutoka. Hajui kwamba Tchaikovsky alipokutana naye alimhimiza aijue okestra yenyewe, asibaki kinandani. Ukijua hayo ndipo utasikia katika Misa jinsi Mjerumani na Mwingereza wanavyovutana ndani ya mtu mmoja.

Wala sisemi kila alichoandika ni lulu. The Boatswain's Mate, opera ya kuchekesha aliyoiandika Helwan karibu na Cairo, ina nusu ya kwanza iliyo hai kabisa na nusu ya pili ambayo kwangu inazama. Baadhi ya muziki wake wa ujanani ni wa Brahms aliyevaa gauni. Lakini lini mtu wa kamati yenu aliwahi kumtaka Schumann aonyeshe cheti cha kutokosea?

Kuhusu tiketi. Kila mara jibu ni tiketi, nami nakaa mlangoni, tiketi ndizo ninazozishika. Mtazameni Gustav Mahler, aliyezaliwa miaka miwili baada ya Ethel. Kwa miaka mingi baada ya kifo chake simfoni zake zilikuwa kitu cha nadra, ndefu mno, za ajabu mno, watu hawamjui. Wakatokea waongozaji wakang'ang'ana, Leonard Bernstein akiwa mmoja wao, wakampiga mwaka huu na mwaka kesho na mwaka wa tatu. Siku hizi tukiwa na Mahler mimi nawageuza watu mlangoni. Hakuna aliyewazaa mashabiki hao isipokuwa kurudia.

Ninachoomba ni kidogo, kwa mtu anayejua ratiba zenu zinavyopangwa. Mkimweka, mwekeni pamoja na tarehe ya marudio, iandikwe katika mkataba uleule kabla pazia la kwanza halijafunguliwa, msimu unaofuata, waimbaji walewale kama inawezekana, kwa sababu mwimbaji akirudi kwa Thurza mara ya pili ndipo atakapojua ampumzishe wapi. Msimkate tendo la tatu. Msimweke wa kwanza katika programu, zile dakika za ufunguzi ambazo kwenu ni heshima ndogo na kwetu mlangoni ni dakika za foleni na makoti yaliyolowa. Wanaomfikia ni nusu ya ukumbi. Mwekeni baada ya mapumziko, mahali pa simfoni, milango imefungwa, simu zimezimwa, nami nimekaa.

Na tafadhali, msimweke Machi. Machi nitampitia mwenyewe pale uwanjani, nitamkuta na maua na watu wa picha, hana shida. Mwekeni Novemba, siku ya Jumanne, mvua inanyesha, bei za kawaida, upande mmoja wa programu Dvořák na upande wa pili yeye, bila bango la mwanamke wa kwanza wala maneno ya kusahauliwa. Walio na tiketi za msimu watakuja kwa kuwa ni Jumanne yao. Kisha mwekeni tena Februari.

Wenu katika kazi,
Mwelekeza viti wa Woking